Kiingereza Hujibiwa Yesi

Kuna watu wakifika umri fulani hushikwa na sukari, wengine hushikwa na mgongo. Kamanda alishikwa na Kiingereza. Kilimjia akiwa na umri wa kuachwa apumzike, watoto wameshakua, miguu imeshachoshwa na sakafu ya saruji, na wala hakikuja kwa mapenzi. Kilikuja kwa amri.

Jina la Kamanda alipewa na wenzake katika kiwanda cha mikate alikokuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Hakuwa mkali kupita kiasi, ila sauti yake ilipita juu ya mashine zote za kukandia unga na kufika kwenye matanuri bila kuombwa. Meneja wa uzalishaji, mzee mpole aliyekuwa anasubiri kustaafu, alipougua Kamanda aliendesha kiwanda, na alipopona Kamanda aliendelea kuendesha kiwanda. Mara mbili huko nyuma kiti hicho kilipokuwa wazi waliletwa watu wa nje, na mara zote mbili ni yeye aliyewafundisha kazi watu waliokuja kumwamrisha. Safari hii aliapa haitakuwa hivyo. Alikitaka kile kiti, na alisema hivyo nyumbani na kazini bila kuona haya, maana ukikaa kimya watu hudhani umeridhika.

Basi Tajiri, mwenye kiwanda, alimwita ofisini akamwambia akae. Kamanda akajua kuna balaa, kwa sababu habari njema Tajiri huzisema huku anatembea.

"Kazi unaijua, mama, hilo sina ubishi nalo," alisema Tajiri. "Lakini tunataka kuuza kwenye maduka makubwa. Wanunuzi wao ni watu wa Kiingereza. Meneja wangu atasimama mbele yao aseme nini?"

"Hao watu wa maduka makubwa wanakula mkate au wanakula Kiingereza?"

"Mkate wanakula. Lakini wanaununua kwa Kiingereza." Tajiri akajikuna kidevu. "Watakuja kukagua kiwanda. Ukinistiri siku hiyo, kiti ni chako. Ukiniaibisha, nitaleta mtu wa nje."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kamanda aliinama, na huko mvunguni akakutana na Mwalimu wa Msamiati.

Darasa lilikuwa chumba juu ya duka la vipuri vya magari, lenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikilia kuliko ilivyopuliza. Wanafunzi walikuwa watu wazima kama yeye: karani aliyekuwa anautaka ukarani mkuu, nesi aliyechoka zamu, fundi umeme aliyetaka kazi za mahoteli. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa tai na tabasamu. Hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililoudhi zaidi, maana tapeli unaweza kumkimbia. Huyu aliamini kila alichokisema.

"Maneno madogo ni ya watu wadogo," alikuwa akisema, akigonga ubao. "Heshima ya mtu kazini ni msamiati wake. Usiseme 'use', sema 'utilise'. Usiseme 'help', sema 'facilitate'. Usiseme 'start', sema 'commence'. Na sentensi ya ofisini haiingii tu ndani kama mbuzi. Inabisha hodi. Hodi yake ni hii: 'Kindly be informed', yaani tafadhali ufahamu. Ukisikia mtu ameanza hivyo, ujue ana cheo."

Kisha akageuka akauliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye swali. Darasa zima likaitikia "Yes!" kwa furaha, na hakuna aliyeuliza hata swali moja. Mwalimu akaridhika, akafuta ubao, akaendelea.

Kamanda aliyapeleka maneno yale nyumbani, lakini hayakutaka kukaa. Angelishika moja akipika, likamponyoka akipakua. Binti yake wa mwisho, aliyefanya kazi kwenye duka la simu na kuzungumza Kiingereza kama aliyekinunua na simu, ndiye aliyekuwa msahihishaji, na hakuwa na huruma hata ya kusingizia.

"Mama, si fasiliteti."

"Nimesema hivyo hivyo ulivyosema wewe."

"Hujasema."

"Nakwambia nimesema! Tatizo ni masikio yako."

Mumewe, fundi rangi, mtu wa kucheka na kila kitu, alijitolea kumsaidia. Alikaa na karatasi ya maneno magotini na kumuuliza moja moja, akiyatamka yote vibaya, na Kamanda akiyajibu yote vibaya, wakapongezana. Binti akitokea mlangoni anashika kichwa. Mwisho Kamanda akaichukua karatasi, akaikunja, akasema huu uzee alioupanga yeye haukuwa na mtihani ndani yake, akaenda kulala amenuna. Asubuhi akaikunjua tena.

Sasa tuje kiwandani, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Mashine ya kukandia unga ni bakuli kubwa la chuma lenye kulabu nene inayozunguka ndani yake. Donge likiwa gumu hung'ang'ania kwenye kulabu, na lazima mashine izimwe, mtu aingize mkono na kikwangulio cha plastiki, alibandue. Zamani mashine zile zilikuwa na wavu wa kufunika, ukiuinua tu zinazima zenyewe. Nyavu zilikufa, mafundi wakazing'oa, vipuri vikaahidiwa, na ahadi ikabaki palepale. Tangu siku mkandaji mmoja alipoacha vidole viwili ndani ya bakuli, wafanyakazi walijitungia kinga yao. Mtu akitaka kuingiza mkono anapiga kelele: "Mkono!" Anayeshika swichi anaacha swichi, anainua kiganja juu kila mtu akione, na kulirudisha neno lilelile: "Mkono!" Mwenye kukwangua akimaliza anatoa mkono na kusema "Salama!", wa swichi anarudisha "Salama!", anashusha kiganja, ndipo anawasha. Neno lisiporudishwa, hakuna anayesogeza hata kucha. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Aliyeshika swichi ya mashine ya kwanza alikuwa wifi yake Kamanda, dada wa mumewe. Walianza kugombana tangu harusini, kwa ajili ya masufuria, na wakaendelea kugombana mpaka ugomvi ukageuka udugu. Kazini walikuwa hawatengani. Wifi huyu alikuwa na falsafa yake kuhusu Kiingereza, na hakuificha.

"Wifi, unajisumbua bure," alimwambia siku moja wakila kipande cha mkate kilichoungua pembeni. "Kiingereza hakijibiwi kwa akili. Kiingereza kinajibiwa yesi. Benki walinisemesha, nikasema yesi, nikapewa kadi. Wageni wa Tajiri walinisemesha, nikasema yesi, wakanipiga picha. Mtu akimaliza Kiingereza chake anataka yesi yake aende zake."

"Na kama alikuwa anakutukana?"

"Si ameshaenda?"

Kamanda alicheka, akakasirika kwamba amecheka. Kiwanda kizima kilikuwa hivyohivyo. Akipita mtu na suti, akitamka chochote, mistari miwili ya watu weupe kwa unga inaitikia "Yesi, sa!" huku mikono inaendelea na kazi. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Walikuwa tu wamegundua kwamba ukisema hujaelewa unarudiwa kwa sauti kubwa zaidi, na watu wanakuangalia.

Siku za ukaguzi zilipokaribia, Kamanda alimweleza Mwalimu wa Msamiati kuhusu kiwanda chao, na bila kufikiri akamsimulia na zile kelele za mkono na salama. Mwalimu alikunja uso.

"Mnapiga kelele mbele ya wageni? Kama sokoni?"

"Ndiyo usalama wetu, mwalimu."

"Usalama sawa, lakini na heshima je? Mgeni akisikia hivyo ataondoka na picha gani?" Mwalimu akachukua chaki. Akamwandikia sentensi mbili, akamfanya azisome mpaka midomo ikauma. Ya kuingiza mkono: "Kindly be informed that I am commencing the intervention." Ya kutoa: "Kindly be informed that the intervention is complete." Ya kwanza maana yake naanza shughuli, ya pili maana yake shughuli imekwisha, na zote mbili zinabisha hodi kwa namna moja.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kamanda aliujua msemo huo, alishawahi hata kumwambia binti yake kuhusu mchumba fulani. Lakini mtu anayekitaka kiti haoni kingine, na kwa kweli zile sentensi zilikuwa nzuri mdomoni. Zilimfanya ajisikie mrefu. Akawakusanya watu wa zamu yake, akawaambia mpaka wageni waondoke hakuna mkono wala salama, ni Kiingereza.

"Na sisi tujibu nini?" aliuliza mmoja.

Swali lilikuwa zuri. Sentensi ile ndefu nani angeirudisha? Kamanda mwenyewe aliivuka kwa taabu. Kabla hajajibu, wifi yake akamjibia.

"Si yesi!"

Watu wakacheka, na kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda na donge linasubiri, Kamanda akaitikia ikawa yesi. Walifanya mazoezi. Akisema ya kwanza, wifi anaitikia "Yesi!" na kuacha swichi. Akisema ya pili, wifi anaitikia "Yesi!" na kuwasha. Zilikwenda vizuri ajabu. Ila wifi, kusema kweli, hakuwa anasikia zaidi ya ile hodi. Yaliyofuata yalikuwa upepo. Alikuwa anahesabu tu: yesi ya kwanza acha, yesi ya pili washa. Kamanda aliliona hilo, au alipaswa kuliona, lakini alikuwa na kazi ya kukumbuka neno "intervention", ambalo lilikuwa linamtoroka kila kukicha.

Wageni walifika asubuhi, mwanamke mmoja na wanaume wawili, wamevaa makoti meupe na kofia za karatasi ambazo Tajiri alizinunua kwa ajili yao. Sakafu ilikuwa inang'aa. Tajiri alikuwa anatembea mbele yao kinyumenyume, anatabasamu, anasema "Yes, yes" kabla hawajauliza.

Kamanda alikuwa kwenye mashine ya kwanza. Donge lilikuwa limejifunga kwenye kulabu kama kawaida, mashine ikazimwa, Kamanda akavuta pumzi, akaisema sentensi ya kwanza bila kuikosea hata neno moja. "Yesi!" akaitikia wifi. Kamanda akaingiza mkono, akakwangua kidogo, ndipo akawaona wageni bado wako mbali, kwenye trei. Kazi yote ile na hakuna aliyemsikia! Akautoa mkono, akaufuta, akangoja wafike karibu. Kungoja huko hakukuwemo kwenye mazoezi.

Walipofika, Tajiri alimwonyesha kwa mkono. "This is my..." alianza, akasita, maana hakujua aseme meneja au asiseme. Kamanda hakumngoja. Akaingiza tena mkono ndani ya bakuli, akainua uso, akaianza upya ile sentensi ya kwanza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye matanuri: "Kindly be informed..."

Na hapo neno likamtoroka. Alilitafuta. Alikuwa na mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya chuma, mdomo uko wazi, wageni wanamtazama kwa adabu.

Wifi yake, ambaye mkono ameuona ukitoka na sasa anamwangalia yule mgeni mwanamke na koti lake jeupe, alisikia hodi. Ya kwanza alishajibu. Hii ilikuwa ya pili. Naye alitaka wageni waone jinsi watu wa hapa wanavyojua kazi.

"Yesi!" alisema, akawasha.

Kamanda hakukumbuka Kiingereza. Hakukumbuka Tajiri wala kiti. Kulabu ilipoushika mkono wa shati na kuuvuta, neno moja tu lilikuwa mdomoni mwake, na lilitoka na roho yake yote.

"Mkono!"

Kiwanda kizima kililirudisha. Waliokuwa kwenye matanuri, waliokuwa kwenye trei, wa mashine ya pili na ya tatu, wote kwa pamoja, "Mkono!", bila hata kujua mkono wa nani, na viganja vikapaa juu. Kiganja cha wifi kiligonga kitufe chekundu cha kuzimia njiani kikipaa. Kulabu ikasimama.

Mgeni mwanamke ndiye aliyefika wa kwanza. "Zimeni umeme wa ukuta!" alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Tajiri. "Leteni kitambaa safi. Mama, usivute mkono, tulia, tunakutoa taratibu."

Kamanda, jasho linamtiririka, alimwangalia.

"Kumbe Kiswahili mnajua?"

"Tunajua, mama. Ndicho tunachozungumza nyumbani."

Hapo ndipo Kamanda alipolia, na walioona walidhani ni maumivu.

Mkono uliokolewa. Kidole cha shahada ndicho kilichobanwa kati ya kulabu na bakuli. Walimkimbiza hospitali kwa gari la Tajiri mwenyewe, na Tajiri ndiye aliyesimama dirishani kuandikisha.

Siku iliyofuata asubuhi Kamanda alikuwa kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, chumba cha watu wawili, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Wifi yake alikuwa amekaa pembeni, na tangu afike hakuwa ameacha kulia.

"Wifi, nyamaza. Unanilowanishia bendeji."

"Nimekuua wifi yangu."

"Hujaniua. Ungeniua ningepumzika na haya makelele yako." Akageukia ukuta, kisha akageuka tena, maana hasira yake haikuwa kwa wifi na alijua. "Ni mimi niliyekuambia yesi inatosha. Mimi. Neno lilikuwa linarudi lenyewe, tunajua limesikika, mimi nikalitoa nikaweka yesi. Yesi inajibu kila kitu! Ukimwambia mtu nyumba inaungua anakwambia yesi!"

Tajiri aliingia na mfuko wa machungwa, amevaa uso wa msibani. Kabla hajapata pa kuuweka, daktari akaingia nyuma yake, msichana wa umri wa binti yake Kamanda, ana haraka, faili kifuani. Alilisoma jalada la faili, akawaangalia, akasimama wima zaidi. Kisha akaanza kuzungumza Kiingereza. Kilikuwa kirefu na laini, kinapanda na kushuka. Alionyesha bendeji. Alionyesha saa ya ukutani. Mwisho akauliza kitu, akangoja.

"Yes, yes, thank you, doctor," alisema Tajiri.

"Yesi," alisema wifi, akipenga kamasi.

"Yes," alisema Kamanda.

Daktari akaandika, akatabasamu, akageuka kwenda. Alikuwa ameshafika mlangoni Kamanda alipoisikia yes yake mwenyewe. Ilikuwa imetoka kinywani mwake jinsi zinavyotoka pale kiwandani, mikono ikiendelea na kazi. Alitazama mlangoni, akamtazama Tajiri, akamtazama wifi. Watu wazima watatu, wote wamekubali.

"Daktari!"

Ilikuwa ile sauti ya kuvuka mashine. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliruka. Daktari akarudi mbio.

"Samahani, mwanangu. Umesema nini?"

Daktari alishangaa. "Si mmekubali?"

"Tumekubali. Sasa tuambie tumekubali nini."

Daktari akamwangalia Tajiri, Tajiri akayaangalia machungwa yake.

"Mama, nimesema kidole kimesagika vibaya," alisema daktari, polepole, kwa Kiswahili. "Nimesema ni bora tukikate mchana huu, kidonda kitapona mapema. Nikauliza kama mnakubali. Nesi alikuwa anakuja na karatasi ya kusaini."

Wifi aliacha kulia, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ningeisaini," alisema Kamanda. Hakumwambia mtu, alijiambia. "Wallahi ningeisaini, na ningekushukuru juu yake. Mwanangu, kwa nini hukutuambia hivyo tangu mwanzo?"

"Nisamehe, mama. Nimeona kwenye faili mgonjwa ni meneja. Wakubwa wengine ukiwasemesha Kiswahili wanaona umewadharau."

Kamanda alimgeukia Tajiri taratibu.

"Nani kaandika meneja?"

"Nilitaka upate kitanda kizuri," alisema Tajiri. "Ukiandika kibarua wanakuweka koridoni. Na mimi... mimi nilidhani anasema unaendelea vizuri."

Mficha uchi hazai. Kamanda hakuwa na nguvu ya kumwambia Tajiri hivyo. Kisha akamrudia daktari.

"Hakuna njia nyingine ya hiki kidole?"

"Ipo. Tukiunge kwa waya. Kitachukua muda mrefu, kitauma, na hata kikipona hakitakunjika tena. Na kikiharibika katikati, tutakikata tu."

"Ngoja. Nirudie, nione kama nimesikia." Kamanda alifumba macho. "Kikikatwa leo, napona mapema. Kikiachwa, kinatiwa waya, kinauma sana, kinakaa muda mrefu, hakikunjiki tena. Na kikiharibika, kinaondoka."

"Ndivyo hivyo, mama."

"Kiache."

"Umeamua?"

"Nimeamua. Kiache. Sema na wewe nikusikie."

Daktari alicheka kidogo, lakini alisema. "Tunakiacha." Akafuta alichoandika, akaandika kingine, akaliacha faili miguuni pa kitanda, akatoka.

Tajiri alikuwa ameanza kuusogelea mlango. Alisema wageni wameupenda mkate, mambo mengine yanazungumzika. Wameweka masharti: nyavu za mashine zirudi, na zile kelele zao za mkono zirudi pia, ziandikwe zibandikwe ukutani. Kwa Kiswahili, yule mama mgeni amesisitiza. Akasema apumzike, asiwaze.

"Na kiti?"

"Tutaongea ukipona."

"Mdomo umeshapona."

"Mama, unajua mambo ya Kiingereza..."

"Kiingereza nitarudi kukisoma, hata kwa mkono huu. Nitakisoma mpaka nimwelewe daktari. Lakini sisomi tena cha kujiona mrefu." Kamanda alijiinua kwa kiwiko kizima, na wifi akamwekea mto mgongoni. "Faili liko hapo miguuni pangu. Umeandika kwa mkono wako, hukulazimishwa na mtu. Utalifuta au utaliacha?"

"Si nimekwambia, tuta..."

"Sitaki tutaongea, na ukinijibu yes nitakurushia haya machungwa." Kamanda akavuta pumzi. Alikuwa amechoka na mkono unawaka moto, lakini sauti ilikuwapo. "Meneja!"

Wifi yake alikuwa amesimama kabla ya kujua anasimama. Kiganja kilikuwa juu. "Meneja!"

Tajiri alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Huko koridoni nesi alichungulia, akaondoka. Kile kiganja kilibaki juu, kwa maana neno bado lilikuwa halijarudi kwa anayepaswa kulirudisha.

"Meneja," alisema Tajiri.

"Mashine zinanguruma, sijasikia."

"Meneja!"

"Salama," alisema Kamanda, akajilaza.

Wifi yake akajibu "Salama", akashusha kiganja, akaanza kumenya chungwa.